Wembamba Peke Yake Si Mbio

Wapo watu wanaoamini kwamba katika mashindano ya kayaki chombo chembamba kuliko vyote ndicho chenye mbio kuliko vyote. Kwa imani hiyo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hukalishwa katika chombo cha bingwa, akapinduka siku nzima, kisha akaambiwa kwamba hana moyo. Mimi naikataa imani hiyo.

Kwanza, maji hayadanganyiki. Mpiga kafi wa kilo 70 katika kayaki ya kilo 12 lazima asukume kando lita 82 za maji, apende asipende. Ukipunguza upana na urefu ukabaki ule ule, chombo kitazama zaidi. Ulichookoa ubavuni umekilipa chini. Sikatai kwamba chombo kirefu chembamba huinua wimbi dogo. Ndiyo maana kayaki ya mtu mmoja, yenye mita 5.20, huupita mwendo ambao chombo kipana cha urefu huo hukwama katika wimbi lake chenyewe. Lakini tumbo linalogusana na maji kidogo kuliko yote ni lile la nusu duara. Ukizidisha wembamba kupita hapo, msuguano huongezeka tena. Na nusu duara hiyo ni gogo: ukiigusa tu, inabingirika.

Pili, tuangalie bei. Ukipunguza upana wa chombo usawa wa maji kwa asilimia 10, uthabiti unaotokana na upana huo hupungua kwa zaidi ya robo. Sasa mtu aliyeshughulika kujizuia asianguke hawezi kuvuta kafi kwa nguvu zake zote. Akipoteza sehemu moja tu ya kumi ya nguvu hizo, mwendo hupungua kwa takriban asilimia 3 na nusu. Katika mbio za mita 1,000 hizo ni mita 35 hivi, yaani karibu urefu wa kayaki saba! Je, ni wembamba gani utakaomrudishia?

Tatu, hata sheria iliwahi kudanganyika kwa kipimo cha upana. Zamani kayaki ya mtu mmoja ilitakiwa isipungue sentimita 51. Mafundi wakautimiza upana huo kwa kutokeza pembe nyuma ya mpiga kafi, juu ya maji, huku sehemu iliyozama ikibaki nyembamba. Futi ya mpimaji iliridhika, na chombo kikayumba vile vile. Baada ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 sharti hilo liliondolewa, pembe zikatoweka, na sehemu iliyozama haikubadilika sana.

Wazee wa pwani yetu walilijua jambo hili. Ngalawa yao ni nyembamba, lakini hawakuiacha hivi hivi. Waliipa mirengu miwili ubavuni. Mwanamashindano wa kayaki hana mirengu ila kiuno chake na kafi lake, na hivyo havipatikani dukani.

Basi nawaambia walimu: mpeni mwanafunzi chombo kipana zaidi, mteremshieni kiti, avute kwa nguvu zote bila hofu. Wembamba na uje baadaye, kidogo kidogo, kadiri kiuno chake kinavyojifunza. Chombo chenye mbio ni kile ambacho mwenyewe anaweza kukimaliza nguvu zake ndani yake. Kile kinachomtisha, hata kikisifiwa vipi, kinamchelewesha.