Dushi yangu ilimkausha jirani

Juma hili naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwalimu anayesahihisha watoto wa wengine lazima akubali naye kusahihishwa.

Nyumba yetu iko chini ya mteremko. Maji yanatoka kwenye chemchemi iliyojengewa kule mlimani, yanaingia ndani ya tanki la saruji, kisha tiyo moja inayashusha nyumba kwa nyumba mpaka kwetu. Kwetu yanafika na nguvu sana. Basi nilipopata pesa kidogo nikamwita fundi aweke dushi, akaiunga moja kwa moja kwenye tiyo ile. Lo! Maji yalinyesha kama mvua ya mwezi wa nne. Watoto walioga mpaka vidole vikakunjana.

Siku ya nne jirani yangu wa juu alishuka na bidoni tupu mkononi. Alikuwa amejifungua juzi tu. Hakupiga kelele. Alisema: «Mwalimu, kila jioni mkianza kuoga, robine yangu inatoa upepo. Jana binti yangu alishuka mtoni, giza limekwisha kuingia.» Binti huyo ni mwanafunzi wangu. Sote tunajua njia ya mtoni jioni ni njia gani kwa msichana katika siku hizi zetu. Nilikosa la kujibu. Nilifunga dushi siku ileile.

Sasa tuelewe jambo lenyewe. Chukua chupa ya plastiki, toboa matundu matatu: moja juu, moja katikati, moja chini. Ijaze maji. Utaona tundu la chini linatoa maji kwa nguvu kuliko yote, na la juu linadondosha tu. Mlima wetu ni chupa hiyo. Nguvu ya maji ndani ya tiyo inatokana na kimo: kila metre 10 za kushuka kutoka kwenye tanki zinaongeza nguvu ya bar 1 hivi. Nyumba iliyo metre 20 chini ya tanki ina bar 2. Iliyo metre 4 chini haina hata nusu bar. Wa chini akifungua sana, maji yanakimbia ndani ya tiyo ya wote, yanasuguana na kuta zake, na ile nguvu ndogo ya wa juu inaishia njiani. Hakuna aliyeiba kwa kusudi. Lakini bidoni ya jirani inabaki tupu vilevile.

Dushi ya nguvu inaweza kumwaga karibu lita 10 kwa dakika. Dakika mbili tu, bidoni nzima imekwenda!

Tulikaa na kamati ya maji, jirani yangu naye akiwepo, tukapatana hivi.

Kwanza, dushi isiungwe kwenye tiyo ya wote. Maji yaingie kwanza ndani ya pipa la lita 200, usiku, wakati watu wamelala, na vane ifunguliwe kidogo sana. Pipa likijaa kwa saa 8, ni lita 25 kwa saa, hata nusu lita kwa dakika haifiki. Jirani hatasikia chochote. Haba na haba hujaza kibaba. Weka floteri ifunge maji pipa likijaa, yasimwagike bure.

Pili, pipa likae juu ya dushi. Hapa Masisi mlima wenyewe ni ngazi yetu. Sisi tuliliweka kwenye ukingo nyuma ya nyumba, juu ya msingi wa mawe, metre 3 kupita sakafu ya bafu. Huko Walikale, penye tambarare, mtahitaji nguzo. Kumbukeni kwamba lita 200 ni kilo 200: nguzo ziwe nene, zifungwe kwa mbao za mshazari, na watoto wasicheze chini yake.

Tatu, tiyo kutoka kwenye pipa iwe nene na fupi, yenye kona chache. Kimo kidogo kinatoa nguvu kidogo; tiyo nyembamba inaimaliza yote. Isipande halafu ishuke tena, maana upepo utajificha kwenye nundu na kuzuia maji.

Nne, maji ya moto. Asubuhi zetu za Masisi mnazijua. Fundi mwingine atakuambia uchanganye maji baridi ya tiyo ya wote na ya moto kutoka kwenye chombo kilichoinuliwa. Usikubali. Yale baridi yana nguvu zaidi, yatayarudisha ya moto kwenye chombo chake. Halafu jirani akifungua robine, baridi inapungua ghafla, na ya moto inamwagikia mtoto. Ukitaka yote mawili, vyombo vyote viwe kwenye kimo kimoja. Lakini kupanda na maji yanayochemka ni hatari. Kwa watoto na mama mzazi, mimi nachanganya chini ndani ya ndoo: baridi kwanza, moto baadaye, kisha napima kwa kiwiko.

Walikale, nyinyi Mungu amewapa mvua. Mvua ya milimetre 1 juu ya metre 1 ya mraba ya manjanja ni lita 1. Paa la metre 5 kwa 6 likipata milimetre 10, linakusanya karibu lita 300, ukitoa kidogo yanayopotea. Acheni maji ya kwanza yaoshe paa, kisha jazeni pipa. Lifunikwe vizuri, mbu wasizalie humo.

Na maji yakishaoga watu, yaende wapi? Chimba shimo, lijaze mawe, mbali na chemchemi na ukuta wa jirani. Kwenye mteremko, maji yaliyoachwa ovyo yanakula udongo chini ya nyumba ya mwenzako.

Dushi yangu sasa haina tena mvua ya mwezi wa nne. Inatiririka polepole, watoto walinung'unika siku mbili, wakazoea. Jioni ya juzi nilipita kwa jirani kumsalimia mtoto mchanga. Robine yake ilikuwa inajaza bidoni, na binti yake alikuwa ameketi mlangoni na daftari, anafanya hesabu niliyompa.

Wamama, kabla ya kuita fundi, pandeni kwanza mpaka kwa yule wa juu, mumuulize maji yake yanafikaje jioni. Kwenye kikundi chenu mtuambie ninyi mlipatana vipi. Mpaka juma lijalo, mbaki salama.