Leseni ya Matatu na Ujira wa Dereva

Mtu atakaye gari lake lichukue abiria katika nchi ya Kenya hana njia ya kuliingiza barabarani ila alipeleke kukaguliwa, alikatie bima, ajiunge na sako au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, kisha apate rukhsa ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA. Wala mimi si miongoni mwa wanaonung'unika kwamba masharti hayo yamezidi, kwani roho za watu ni amana, na apokeaye amana sharti aulizwe.

Wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu zichukue abiria pasina leseni, na sheria ya mwaka 1984 ilipokuja kuzirudisha chini ya hukumu ya leseni, ada ya kila mtu kujiendea apendavyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Alipokuja waziri John Michuki na kanuni zake za mwaka 2003, ambazo zilianza kushikwa kwa nguvu Februari 2004, nchi iliona ajabu: mikanda kila kiti, kidhibiti mwendo kisichoruhusu gari kupita kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni mwa gari, dereva katika sare ya buluu na utingo katika sare ya damu ya mzee. Hayo yote huonekana kwa macho, na kwa hiyo askari aliyesimama njiani aweza kuyakagua. Lakini ndani ya kanuni zizo hizo mlikuwa na sharti jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni kwamba mwenye gari awaajiri dereva na utingo wake ajira ya kudumu, awalipe mshahara kila mwezi. Sharti hili, ambalo kwa rai yangu ndilo lililobeba mengine yote, ndilo lililoachwa.

Mtazame dereva wa matatu itokayo Likoni, Mombasa, alfajiri. Tajiri, yaani mwenye gari, amekwisha kumkatia hesabu ya siku, fedha anazotaka aletewe, na hesabu hiyo haipungui kwa mvua, wala kwa foleni ya feri, wala kwa abiria kuwa haba. Katika makusanyo ya siku atoe hesabu hiyo, mafuta, ada za steji na pesa za kuosha gari, na kitakachosalia ndicho agawane na utingo. Ikifika alasiri na hesabu haijatimia, hapo ndipo aongezapo mwendo, ndipo utingo asimamishapo watu mlangoni, ndipo gari likatishapo njia na kuwashusha abiria kabla ya mwisho wa safari waliyoilipia. Kanuni za mwaka 2014 zinamkataza kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24, ilhali tajiri haulizi saa, auliza fedha. Na dereva akichoka humwachia usukani mwenzake wa deiwaka, mtu ambaye jina lake halimo katika karatasi yoyote ya sako.

Ajali ikitokea, anayepelekwa mahakamani aghalabu ni dereva, naye tajiri mwenye leseni hutafuta dereva mwingine siku ya pili. Huu si uadilifu hata kidogo.

Wenye magari husema kwamba wakilipa mshahara, makusanyo yataibwa. Hofu hiyo naielewa, maana wengi wao wamenunua magari kwa mikopo mizito. Lakini wizi wa makusanyo ni kadhia ya tajiri na daftari lake, na sako ziliundwa pamoja na mambo mengine ili daftari hilo liwepo. Haifai abiria ndiye alipe gharama ya tajiri kutomwamini mtumishi wake.

Basi mwenye gari anapokwenda kuomba leseni yake upya, asiulizwe bima na ukaguzi pekee. Aulizwe mkataba wa dereva, na stakabadhi za michango ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, aliyomlipia mwaka uliopita, mwezi kwa mwezi. Na asiyekuwa nazo gari lake lingoje uani mpaka azilete.