Sweta Kuukuu, Rangi ya Udongo

Je, msomaji wangu, ile sweta aliyokuwa akiivaa nyanya yako asubuhi za baridi ya Julai iko wapi? Kama mliitupa, poleni. Siku hizi vijana wa Nairobi wanaisaka Gikomba katika marundo ya mitumba: nzito, iliyofumwa kwa mkono, yenye rangi ya kahawa, ya mchanga au ya ngamia. Wanauita mtindo wa asili.

Mtindo huo una wenyewe. Huko Banissa, Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, rangi hizo huzioni dirishani mwa duka bali katika maisha ya kila siku. Zimo katika manyoya ya ngamia na katika hina ya mikono ya akina mama na ndevu za wazee. Zimo pia katika mikeka ya nyumba za wafugaji, ambayo akina mama wa kaskazini mashariki husuka kwa nyuzi za magome ya migunga. Hakuna aliyezitia rangi hiyo ili zipendeze macho. Zimetoka nayo mtini.

Lakini sweta haitoki huko. Kondoo wa Banissa, yule mwenye kichwa cheusi, ana nywele fupi tu. Hufugwa kwa nyama na mafuta. Sufu hutoka kwa kondoo wa nchi za baridi, kama Merino na Corriedale.

Hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Rangi ya udongo haiifanyi nguo kuwa ya asili. Sweta ya rangi ya mchanga yaweza kuwa akriliki tupu, yaani plastiki. Ukitaka kujua, chomoa uzi mdogo upande wa ndani, uushike kwa koleo, kisha uuchome mbali na watoto. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Akriliki huyeyuka na kuacha kitonge kigumu.

Ukipata ya sufu, itunze. Ifue kwa maji baridi na sabuni laini. Usiisugue wala kuichemsha, maana itarudi ndogo ya kumtosha mwanasesere. Ikamue polepole ndani ya taulo, kisha uitandaze kivulini. Ukiianika kambani ikiwa imelowa, itavutika mpaka magotini.

Mwisho, nina ombi. Mtoto aliyezaliwa kwenye joto la Banissa akipata nafasi katika shule ya bweni huko Limuru au Nyandarua, usiku wa kwanza atatetemeka hadi alfajiri. Kwake sweta si mtindo. Basi kabla hujanunua ya nne, fungua kabati. Ile usiyoivaa ifue, ishone vifungo, umpelekee anayeihitaji. Nyanya yako hakuifuma ili ikae gizani ikiliwa na nondo.