Pasaka Sagana? Ngoja Madaraka

Bango umeshaliona. Boti la mpira katikati ya povu jeupe, watu wamevaa helmeti wanapiga nduru, na chini yake maandishi makubwa: Pasaka Sagana, lipa nusu kabla ya Ijumaa, pesa hairudishwi. Linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Kimbo hadi Makongeni, na bila shaka kuna beshte yako ashatuma doo.

Kabla hujatuma yako, ngoja kidogo. Wengi wetu tukitaka kwenda kurafti tunauliza maswali mawili tu: ni pesa ngapi, na nani anakuja? Swali la maana linabaki nje: mto utakuwaje wiki hiyo?

Tuanze na kalenda. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka wa 2024 ilikuwa Machi 31, na 2025 ikawa Aprili 20. Sasa weka tarehe hizo kando ya mvua. Masika, ile mvua wakulima wa Murang'a wanaiita ya njahi, kwa kawaida huanza Machi, hukolea Aprili, kisha hupungua Mei. Kwa hivyo Pasaka ikija mapema, unaweza kufika Sagana ukapata mto bado umekonda kwa kiangazi cha Januari na Februari. Boti linakwaruza mawe, linakwama, mnalisukuma. Ikichelewa, unaweza kuukuta umefura, maji rangi ya udongo, yanabeba magogo na matawi yaliyong'olewa huko juu. Kati ya hali hizo mbili kuna siku nzuri, ndiyo, lakini aliyechapisha bango mwezi wa pili hana namna ya kujua kama ndiyo hiyo utakayoipata wewe.

Na usidanganywe na mawingu ya mtaani kwako. Chuo niliacha, lakini jiografia ya sekondari bado ninayo. Maji ya mto Ruiru huishia Athi, yanapita Fourteen Falls na kwenda zake hadi Bahari Hindi karibu na Malindi. Chania na Thika, mito inayokutana pale Blue Posts, huelekea Tana. Sagana nao ndio Tana yenyewe ikiwa bado changa, na maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Ndiyo maana unaweza kuamka Kimbo jua linawaka, ukapanda mathree ukiwa na miwani, ukapita Kenol, Makuyu na Makutano barabara ikiwa kavu kabisa, kumbe Nyeri ilinyeshewa usiku kucha. Maji ya mvua hiyo huchukua saa kadhaa kushuka. Mnaweza kufika mtoni wakati mmoja, wewe na mafuriko.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka 2024. Masika ya mwaka huo yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Mwishoni mwa Aprili boti lililobeba abiria lilizama kwenye mafuriko ya Tana kule Garissa, na siku iliyofuata maji yakasomba nyumba za watu Mai Mahiu usiku wakiwa wamelala. Siku chache baadaye watalii wakaokolewa kwa helikopta Maasai Mara baada ya mto Talek kuvunja kingo. Hao wa Mai Mahiu hawakuwa wanatafuta mchezo, walikuwa kwao. Wewe unayelipa ili ukutane na mto una nafasi ambayo wao hawakupata: kuchagua siku.

Kitu kingine kinachotupotosha ni video. Nyingi zinazotutia mzuka ni za Jinja, Uganda. Pale Nile inatoka Ziwa Victoria, na ziwa kubwa hivyo ni kama tangi: mvua ya wiki moja haliitikisi sana, na mabwawa ya umeme nayo yanapima maji yanayopita. Ndiyo maana Jinja watu huteremka mto karibu mwaka mzima. Sagana hauna tangi la hivyo nyuma yake. Mvua ikipiga unapanda, ikikatika unashuka. Ukichukua kalenda ya Jinja ukaileta hapa, utakuja kushangaa.

Sasa twende lini? Msimamo wangu ni huu: kwa mtu wa kawaida, anayejaribu mara ya kwanza na kuogelea kwake ni kule kwa kushika ukingo wa bwawa, dirisha zuri ni mwisho wa Mei hadi Juni. Mvua imepungua, ardhi ya milimani bado imeshiba, mto una maji ya kutosha kurusha boti lakini haupandi ghafla kila usiku. Na serikali tayari imetupa likizo katikati ya dirisha hilo: Madaraka, Juni 1. Dirisha la pili hufunguka mvua za vuli zikitulia, Desemba kuelekea Januari, na Jamhuri ya Desemba 12 mara nyingi huwa mlangoni. Julai pia si mbaya, ila jiandae kwa baridi. Maji ya Mlima Kenya wakati Thika yenyewe haijaona jua wiki nzima si mchezo.

Najua kuna wasee watasema Aprili ndiyo tamu, kwamba maji makubwa ndiyo raha yenyewe. Kwa waliozoea, ni kweli. Maporomoko hupangwa kwa madaraja, la kwanza mpaka la sita, na la sita kwa kweli ni la kuangalia kutoka ukingoni. Lakini daraja si tatuu. Poromoko lile lile unaloliteremka Juni ukicheka linaweza kupanda daraja maji yakiongezeka. Anayelijua analisoma upya kila asubuhi. Wewe uliyetoka Ruiru saa kumi na mbili hujui hata lilikuwaje jana.

"Lakini si waongozaji wanajua kazi yao?" Wanajua. Shida mara nyingi ni sisi. Fikiria kundi la watu thelathini wamelipa, wamekodi mathree, wamebeba spika na nyama ya kuchoma, kisha mwongozaji anatazama mto na kusema leo hapana. Nani atampigia makofi? Tutaanza kelele, kwani tumetoka mbali, kwani pesa yetu, angalau kipande kile kifupi tu. Neno "hairudishwi" kwenye bango ndilo linatufanya tumsukume mtu mmoja aseme ndiyo mahali alipotaka kusema hapana. Kwa hivyo suala la msimu ni suala la pesa pia. Tarehe isiyoweza kusogezwa ni hatari hata kama helmeti ni mpya.

Basi kabla ya kutuma M-Pesa, muulize mwandalizi mambo matatu, na akujibu kwa maandishi kwenye grupu ili kila mtu aone. Maji yakiwa mengi, tutapewa tarehe nyingine au pesa itarudi? Nani ana neno la mwisho asubuhi hiyo, yeye au mwongozaji wa boti? Na kuna mtu amefuatilia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa wa Nyeri, Kirinyaga na Murang'a, si wa Thika pekee? Ukisikia pia kwamba bwawa la Ndakaini limejaa hadi kumwagika, jua ardhi ya Nyandarua imeshiba, na mvua yoyote mpya itakimbilia mtoni moja kwa moja.

Mwandalizi akikasirika kwa maswali hayo, umepata jibu lako. Akikujibu vizuri, mwambie pia mnaweza kusogeza safari kutoka Pasaka hadi Madaraka. Ni wiki chache tu za kusubiri. Pasaka kaeni nyumbani mle chapati, mchange pole pole. Juni mto utakuwa na maji, na nyinyi mtakuwa na pesa ya kutosha kulipa bila presha.