Ukumbi Mpya ni wa Nani? Mjadala wa Mashabiki wa Mpira wa Kikapu Chuoni Oregon

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii ingewakaa vyema vinywani mashabiki wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene nchini Marekani, walioshuhudia timu yao ikihama mwaka 2011 kutoka ukumbi wa McArthur, uliotumika tangu mwaka 1927, na kuingia katika jumba jipya la Matthew Knight. Mabishano yaliyozuka kabla na baada ya kuhama huko yaligusa kila kitu: ukubwa wa jumba, mwinuko wa viti, jina, gharama, na hasa mchoro uliopakwa sakafuni. Wapo waliocheka, wakadai kuwa watu wazima kugombania rangi ya sakafu ni kukosa kazi. Makala haya yanashikilia kuwa mashabiki hao walikuwa na haki ya kubishana, ila sehemu kubwa ya sauti zao iliishia kwenye jambo dogo, na jambo kubwa likapata wasemaji wachache.

Kwanza ni muhimu kutanabahi kwamba mpira wa kikapu ni mchezo uliozaliwa ndani ya jengo na kuumbwa na jengo. Mnamo Desemba 1891, James Naismith, mwalimu katika chuo cha mafunzo mjini Springfield, Massachusetts, alipigilia vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi wa mazoezi. Roshani hiyo ilikuwa futi 10 kutoka sakafuni, na kimo hicho ndicho kinachotumika hadi leo duniani kote. Aidha, watazamaji walioketi roshanini walizoea kunyoosha mikono na kuuchezea mpira uliokaribia kikapu, jambo lililosababisha ubao kuwekwa nyuma yake. Hivyo basi, kimo cha kikapu kilitokana na fundi mjenzi, nao ubao ukatokana na shabiki mtundu. Anayedai kuwa muundo wa ukumbi hauhusiani na mchezo wenyewe anasahau kwamba mchezo huu usingekuwa ulivyo pasipo roshani ile.

Ukumbi wa McArthur ulikuwa na sifa mbili zilizoupa heshima. Ya kwanza ni asili yake. Ulijengwa kwa ada waliyojitoza wanafunzi wenyewe, ukapewa jina la Clifton McArthur, mwanachuo aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha wanafunzi wa chuo hicho na ambaye baadaye aliingia katika Bunge la Marekani. Ya pili ni umbo lake. Ulikuwa na nafasi ya watu takriban 9,000, lakini roshani zake zilipandana kwa mwinuko mkali, zikakizunguka kiwanja kwa karibu sana, hata mchezaji mgeni akahisi kana kwamba yumo chini ya shimo na umati unamwangukia. Kwa sababu hiyo watu waliuita "Shimo", na kikundi cha wanafunzi washangiliaji kikajibandika jina linalotokana na shimo hilo. Wanafunzi wa isimu watavutiwa kujua kuwa jina la kikundi lilihama pamoja na timu: shimo lilibaki nyuma, jina likaenda. Lugha nayo ina mbachao wake ambao haiutupi kwa urahisi.

Hata hivyo, mapenzi hayapaswi kuficha aibu za mzee. Ukumbi uliojengwa katika miaka ya 1920 haukukusudiwa kubeba mahitaji ya karne ya 21. Ngazi zenye mwinuko mkali zinazomfurahisha kijana wa miaka ishirini ni adhabu kwa bibi wa miaka sabini, sembuse mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Vyumba vya wachezaji, vyoo, njia za kutokea wakati wa hatari, nafasi ya kamera za televisheni: yote haya yanahitaji eneo ambalo majengo ya zamani hayana. Shabiki aliyetaka McArthur ubaki kama ulivyo milele alikuwa akitetea kumbukumbu zake, na kumbukumbu, hata zikiwa tamu namna gani, hazimfungulii mlemavu mlango.

Jumba jipya lilifunguliwa tarehe 13 Januari 2011, mahali palipokuwa na kiwanda cha mikate kilichojulikana sana na wakazi wa mji huo. Lina nafasi ya watu zaidi ya 12,000, na gharama yake ilikuwa takriban dola milioni 227. Wasanifu walijitahidi kuinua viti kwa mwinuko mkali ili sura ya ukumbi wa kale isipotee kabisa. Lakini lililowashtua wengi lilikuwa sakafu. Badala ya mbao za rangi moja zilizozoeleka, kingo zote za kiwanja zilipakwa vivuli vya miti mirefu, huku katikati pakiachwa peupe, kana kwamba mtu amelala chali msituni na kutazama juu kwenye uwazi wa mbingu. Aliyebuni mchoro huo ni Tinker Hatfield, msanifu wa viatu wa kampuni ya Nike, ambaye mwenyewe alisomea usanifu wa majengo katika chuo hicho hicho.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Kundi moja lilidai kuwa sakafu imechafuliwa, kwamba inaumiza macho ya anayetazama kwa televisheni, na kwamba mstari wa kati hauonekani vizuri. Kundi jingine lilijibu kuwa miti ile si pambo tupu, bali ni historia. Mwaka 1939, mashindano ya kwanza ya NCAA ya mpira wa kikapu wa vyuo yalipofanyika, Oregon ndiyo iliyotwaa ubingwa kwa kuishinda Ohio State kwa pointi 46 kwa 33 mjini Evanston, Illinois. Wachezaji wa timu hiyo waliitwa "Misonobari Mirefu" kwa sababu ya vimo vyao, na kwa kuwa jimbo la Oregon lina misitu mingi ya miti ya jinsi hiyo. Kwa mtazamo wa kundi hili, mchezaji wa leo anakimbia juu ya vivuli vya babu zake.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatakosa kuusikia mwangwi wa mjadala mwingine. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani ya *Kichomi* mwaka 1974, wapo waliosema kuwa shairi lisilo na vina na mizani si shairi, na wapo waliosema kuwa vina na mizani ni vazi tu. Mjadala ule ulifundisha jambo moja linalofaa kukumbukwa hapa: mazoea pekee hayatoshi kuwa hoja, na upya pekee hautoshi kuwa sifa. Kila umbo lazima liulizwe linafanya kazi gani. Tukipima sakafu ya Oregon kwa kipimo hicho, hoja ya "sakafu haijawahi kuwa hivi" inaanguka yenyewe, maana hata ubao wa kikapu haukuwapo hadi ulipohitajika. Hoja ya mstari wa kati, kwa upande mwingine, inasimama imara. Sheria za mchezo huu zinamkataza mwenye mpira kurudi nyuma ya mstari huo akishauvuka. Kwa hiyo mstari usioonekana wazi ni sawa na kituo kilichoachwa katika sentensi ambayo maana yake inakitegemea. Picha ya msitu ina haki ya kuwapo sakafuni mradi isiyafunike macho ya refa wala ya mtazamaji. Kwa kifupi, mchoro ule unastahili kutetewa, na walioulalamikia wanastahili kusikilizwa.

Lakini je, hayo ndiyo yaliyokuwa makuu? La hasha. Wakati macho yalipokuwa sakafuni, maswali mazito zaidi yalikuwa juu yake, katika viti na katika vitabu vya hesabu. Ukumbi wa McArthur ulitokana na mifuko ya wanafunzi na ukabeba jina la kiongozi wa wanafunzi. Jumba jipya lilijengwa kwa mkopo wa hatifungani za jimbo la Oregon za thamani ya dola milioni 200, na Phil Knight, mwasisi mwenza wa Nike na mwanachuo wa zamani wa Oregon, pamoja na mkewe Penny, wakaahidi dola milioni 100 kwa mfuko wa michezo wa chuo, mfuko ambao ungekuwa kinga endapo mapato yasingetosha kulipa deni. Jina la jumba ni la mwana wao Matthew, aliyefariki mwaka 2004 katika ajali ya kupiga mbizi nchini El Salvador. Mgala muue na haki umpe: jina hilo limetokana na msiba wa wazazi, na si haki kulidhihaki kama walivyofanya baadhi ya wachokozi. Hata hivyo, hapana budi kukiri kwamba safari ya kutoka jina la kwanza hadi la pili inaonyesha jinsi umiliki wa kumbi za vyuo ulivyohama, kutoka kwa wanaosoma hadi kwa wanaofadhili.

Uhamaji huu una matokeo yanayoweza kupimwa kwa futi. Mjenzi anayehitaji kulipa deni hulazimika kuuza viti vya bei ya juu. Viti hivyo hutakiwa viwe karibu na kiwanja, au viwe vyumba vya faragha vilivyopangwa katikati ya jukwaa la chini na la juu. Kila safu ya vyumba hivyo inayoongezwa hulisukuma jukwaa la juu likawa juu zaidi na nyuma zaidi. Matokeo yake ni kwamba anayepiga kelele huwekwa mbali, na anayelipa sana, ambaye mara nyingi huja amekunja miguu, huwekwa karibu. Fauka ya hayo, viti vya mito laini humeza sauti ambayo viti vya mbao na kuta ngumu zingeirudisha. Ndiyo sababu mashabiki wengi, wanapoingia katika jumba jipya popote pale, hulalamika kuwa "roho" imepotea. Wanachokiita roho ni umbali, mwinuko na mwangwi, na vyote vitatu vimo katika uwezo wa mchoraji ramani.

Ushahidi kwamba jambo hili lina tiba upo. Katika Chuo Kikuu cha Duke, ukumbi wa Cameron uliofunguliwa mwaka 1940 una nafasi 9,314 tu, lakini wanafunzi ndio wanaokizunguka kiwanja kwa chini, nao wafadhili na wahitimu huketi juu. Tangu mwaka 1986 wanafunzi wa chuo hicho wamekuwa wakipiga hema nje ya ukumbi kwa siku nyingi wakisubiri nafasi hizo. Wafadhili wa Duke hawajaacha kutoa kwa sababu ya kuketishwa juu. Vilevile, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilipouaga ukumbi wake wa Frank Erwin, uliofunguliwa mwaka 1977 na kupewa jina la utani la "Ngoma" kwa umbo lake la mviringo, kilihamia mwaka 2022 katika jumba la Moody lenye viti vichache zaidi siku za mpira wa kikapu. Kutoka nafasi zaidi ya 16,000 kilishuka hadi zaidi kidogo ya 10,000, na wanafunzi wakatengewa mahali karibu kabisa na sakafu. Wapo walionung'unika kuwa jumba ni dogo. Lakini ngoma kubwa iliyo nusu tupu haivumi, na heri ndogo inayojaa.

Pamoja na hayo, mfano wa Texas una onyo ndani yake. Jumba hilo lilijengwa kwa ubia na kampuni ya biashara ya kumbi, inayoliendesha kwa matamasha na maonyesho sehemu kubwa ya mwaka. Chuo kilijiepushia gharama, lakini kiliupata ukumbi kama mpangaji anavyopata nyumba: kwa siku zilizoandikwa katika mkataba. Ada waliyojitoza wanafunzi wa Eugene katika miaka ya 1920 iliwapa kitu ambacho mkataba wa aina hiyo hauwezi kuwapa, nacho ni haki ya kusema "hapa ni petu".

Alhasili, chuo chochote kinachopanga kujenga ukumbi, kiwe Eugene au kwingineko, kinafaa kuwaita mashabiki mezani kabla ya ramani kukauka wino, na mashabiki nao wafike wakiwa na maswali yaliyopangwa kwa uzito. Swali la kwanza liwe: mwanafunzi ataketi wapi? La pili: deni litalipwa na nani, na mlipaji atadai nini? La tatu: mzee na mlemavu wataingiaje? Baada ya hayo kujibiwa, rangi ya sakafu na ijadiliwe hadi alfajiri, maana hata rangi ina historia yake. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumba jipya ni mgeni, na mwenyeji wa chuo ni mwanafunzi. Ikiwa baada ya mgeni kukaribishwa mwenyeji anajikuta amesukumwa hadi safu ya mwisho chini ya paa, hapo aliyepona ni mtu mwingine.