Wazee wa Mara warekodiwe
Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Nyerere Burito alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Nyumbani alizungumza Kizanaki. Shuleni alikuta watoto wa makabila mengine, na Kiswahili kikawaunganisha. Baadaye mtoto huyo, Julius, alisoma Edinburgh, akarudi, akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Hata hivyo, alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima na kucheza bao na wazee wa kwao. Ugeni haukumpokonya uzanaki wake.

Leo hapa Mara, Wazanaki, Wakurya, Wajita na Waluo wanaoana na kuuziana samaki, mahindi na ng'ombe minadani. Tunajivunia hilo. Lakini wapo watoto wa ndoa hizo wasioweza hata kumsalimu bibi kwa lugha yake, na hilo linatuuma. Umoja wetu haukudai hasara hiyo.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yapo pale pale Butiama tangu 1999. Tunaishauri halmashauri ya Butiama ishirikiane nayo: wazee warekodiwe wakisimulia, kila mmoja kwa lugha yake, na wanafunzi wa kabila lolote waende kuwasikiliza. Kazi hiyo ianze mwaka huu, wazee wangalipo.