Kitambaa Chekundu Mkononi mwa Mtoto

Na Mpita Njia

Wasomaji wa safu hii, ambao wamekwisha kuuzoea mwavuli wangu kuliko wanavyonizoea mimi mwenyewe, wataniwia radhi juma hili nikiandika kwa hamaki, kwani niliyoyaona Jumanne kando ya barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru, kabla hujafika Runyenjes, yamenitia uchungu ambao hata chai ya jioni haikuuondoa.

Nalikuwa nangojea matatu, yapata saa kumi kasorobo alasiri, wakati madarasa madogo ya shule iliyo ng'ambo yanaporuhusiwa kwenda nyumbani, akatoka langoni binti ambaye singemkadiria zaidi ya miaka kumi na mmoja, amevaa sweta ya viranja iliyomzidi mikono, naye ameshika kijiti cha mukima kilichofungwa kitambaa chekundu, ambacho ukikitazama kwa karibu bado kina mshono wa mfuko wa sketi kuukuu. Akaingia barabarani, akainua kijiti; lori la mchanga likasimama kwa kuguna, na wale wadogo wakaanza kuvuka wameshikana mikono. Bodaboda moja ikapita ubavuni mwa lori, kana kwamba lori lile limesimama kupumzika. Kisha, kutoka upande wa Chuka, ikaja motokaa ya miraa, taa zawaka mchana kweupe na honi haikomi.

Msomaji wa Meru hahitaji kuelezwa. Miraa ikisha kuchumwa kule Maua na kufungwa kwa majani ya mgomba, huanza mara hiyo kushindana na kunyauka, na kila saa inayopotea njiani humpunguzia mwenyewe bei. Sina ugomvi na wakulima wa Igembe, wala wasiniletee tena barua kama zile za mwaka jana. Ugomvi wangu ni na mguu wa dereva.

Binti hakukimbia. Aliwasukuma nyuma wawili wa mwisho kwa mkono wa kushoto, akabaki katikati ya lami, kijiti juu, na motokaa ile ikapita baina yake na ukingo wa barabara. Nilipomwendea kumwuliza kama ameumia, akanijibu kwa adabu, "Sijaumia, guka, hao huwa hawasimami," akarejea kazini kwake.

Na chini ya mti, hatua chache tu kutoka hapo, walikuwa wameketi mabarobaro wa bodaboda wakingojea abiria, kila mmoja amevaa kizibao cha kung'aa kionekanacho toka mbali, ilhali yule aliyesimama mbele ya malori hana hata utepe. Mmoja wao, akiona nimeghadhibika, akanituliza: "Usijali, mzee, huyo amezoea."

Amezoea! Lahaula! Shule yenyewe, nikaambiwa, huiita kazi hiyo malezi ya uongozi, na huchaguliwa mtoto asiye mwoga. Sisi zamani kiranja alipiga kengele, akahesabu mafagio, akaandika majina ya wapiga kelele, na hatari yake kubwa ilikuwa kuchukiwa wakati wa mapumziko. Uingereza, ambako tuliiga mengi yasiyotufaa, ilitunga sheria mwaka 1953 ya kuwapa watu wazima mamlaka ya kuwavusha wanafunzi, na dereva asiyewasimamia akawa na hatia. Hilo hatukuliiga.

Tena asiniambie mtu kwamba magari ya njia hii hayana breki. Polisi wakitandaza misumari yao barabarani, dereva yuleyule wa miraa hupunguza mwendo kwa taadhima, hushusha kioo, na husalimu kama mkwe. Msafara wa mkubwa ukipita, barabara nzima hutulia. Basi kusimama wanajua. Wasilojua ni kumsimamia mtoto wa mkulima, kwa sababu kitambaa chake hakina faini nyuma yake. Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika kila kituo cha biashara, na barabara hii ndiyo ile yenye daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni, wakafa watu zaidi ya 30. Tulilia, tukazika, kisha kulinda njia tukamwachia mwanafunzi.

Mtu mzima mmoja, mwenye kizibao na mamlaka, aliyelipwa ujira wa nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, angetosha. Hata wale vijana wa chini ya mti wangeweza kupokezana. Nikamwuliza mzazi mmoja kama jambo hili limepata kujadiliwa. Akaniambia kamati ya wazazi itakutana mwisho wa mwezi, na ajenda yake ya kwanza ni rangi ya lango.